Mstari Mmoja wa Kufunga Ombi

Kwa miaka mingi nilikuwa dalali wa ng'ombe minadani, na kazi hiyo ilinifundisha kuyabania maneno. Mwenye maneno mengi ndiye mwenye shida. Mtu akianza kukueleza ng'ombe wake alizaliwa wapi, alinyonya muda gani na kwa nini sikio limechanika, wewe nyamaza, angalia mawingu. Akifika mwisho wa hadithi atakuwa ameshapunguza mwenyewe. Kwa hiyo nilipoombwa kuandika maneno ya kusomwa na mashine, nilijiona nimepewa kazi ya ukoo.

Aliyeniomba ni binti wa dada yangu. Amesomea mambo ya kompyuta, anafanya kazi Mwanza, na likizo zake huja kuzimalizia kwetu Tarime akitafuta watu wa kuwasaidia, wapende wasipende. Safari hiyo alitupata sisi wa kikundi cha wafugaji. Tulikuwa na watu wa Itiryo, wa Susuni, na wachache wa mjini wenye ng'ombe wa maziwa nyuma ya nyumba. Shida yetu ilikuwa bwana mifugo. Tulikuwa naye mmoja tu, mstaafu mwenye pikipiki yake, na watu wote walimpigia simu kwa wakati mmoja. Aliyepiga kelele zaidi ndiye aliyefikiwa kwanza. Ng'ombe wa mtu mpole alikufa kwa upole.

Binti akatutengenezea msaidizi wa akili mnemba. Mfugaji anatuma ujumbe kwenye namba ya kikundi, wa kuandika au wa sauti. Msaidizi anausoma, anauliza maswali mawili matatu, anamweka mfugaji kwenye orodha ya bwana mifugo kwa kufuata uzito wa shida, na kazi ikiisha analiondoa lile ombi. Bwana mifugo anafuata orodha. Hakuna tena wa kumpigia kelele.

"Sasa mjomba," akaniambia tumekaa barazani, kompyuta mapajani mwake, "huyu msaidizi ana akili ila hana mikono. Mikono yake ni zana ninazompa. Kuna ya kumtafuta mwanachama, ya kufungua ombi, ya kumwita bwana mifugo, na ya kufunga ombi. Nne."

Nikahesabu kwa vidole. Nne. Nikaanza tena kutokea kidole cha mwisho. Nne.

"Na anajuaje ashike ipi, na wakati gani?"

"Hapo ndipo unapoingia wewe. Kila zana ina maelezo yake. Yeye haoni zana imeshonwaje kwa ndani, wala hajui mimi niliwaza nini. Anasoma maelezo tu. Usichokiandika, anakibuni."

"Kama mgeni."

"Kama mgeni mwerevu ambaye hapendi kuuliza."

Wageni wa namna hiyo ninawafahamu. Wamenipa faida nyingi mnadani.

Tulianza na zana ya kufungua ombi, ambayo maelezo yake alikuwa ameyaandika yeye mwenyewe kule Mwanza na tayari yalikuwa yamefanya kazi kwa juma zima. Yalisema: uliza kijiji, uliza idadi ya ng'ombe, uliza dalili. Juma zima lile msaidizi alikuwa ameuliza idadi, na juma zima watu walikuwa wamemjibu, "Wapo." Akiuliza tena, "Wapo tu, Mungu anasaidia." Mzee mmoja wa Susuni alipoulizwa mara ya tatu, kwa adabu ileile, alituma ujumbe wa sauti: "Wewe unayetaka idadi, sema kabisa, ni mtu wa kodi au ni mwizi? Nijue nikujibu kwa lugha gani." Kisha akazima simu, na ng'ombe wake akaugulia nyuma ya simu iliyozimwa.

Nilicheka mpaka chai ikapoa. Kwetu hesabu ya ng'ombe wa mtu haitajwi kwa mdomo. Hata mimi, ambaye kitu kilichohesabiwa mara moja nakiona hakijahesabiwa, zizi la mwenzangu nalihesabu kwa macho huku mdomo ukizungumzia mvua. Nikaandika: *Usiulize mtu ana ng'ombe wangapi. Uliza ni wangapi wanaoumwa.* Binti akasoma, akajipiga paji la uso.

"Hili nilikuwa nalijua, mjomba. Nimelisahau Mwanza."

Kesho yake mzee wa Susuni akawasha simu, akaulizwa wangapi wanaumwa, akasema mmoja, akafikiwa. Hapo kichwa changu kikavimba. Nikaona kazi hii ni nyepesi, ni ya kujua watu, na watu ninawajua.

Tukafika kwenye zana ya kufunga ombi. Nikaandika: *Funga ombi mfugaji akisema mambo ni salama.*

"Ndiyo yote?" akauliza binti.

"Inatosha."

"Ongeza, mjomba. Lifungwe lini, lisifungwe lini, likifungwa kinatokea nini. Weka mistari minne."

"Mmoja."

"Mitatu basi."

"Binti yangu, mnadani ukifika mstari wa tatu, ng'ombe ameshauzwa na jirani yako. Mmoja."

"Miwili. Wa pili useme tu kinachotokea."

"Mmoja, na soda juu yangu."

Akacheka. Alikuwa amechoka, na ndani walikuwa wanatuita ugali umeiva. Mstari wangu ukaingia kama ulivyo. Nilimshinda, na nikala vizuri.

Kwa muda mambo yalikwenda. Bwana mifugo alisifu orodha, akasema sasa analala. Mimi niliizoea kazi yangu ndogo ya kuiangalia: asubuhi nikinywa chai nahesabu maombi, saa nne nahesabu tena. Binti alisema haina haja, mashine haikosei kujumlisha. Nilimwambia sihesabu kwa sababu ya mashine, nahesabu kwa sababu yangu.

Asubuhi moja ya masika nilihesabu saba. Ombi la juu kabisa lilikuwa la mama mmoja mjane wa Itiryo. Huyu zizini kwake alikuwa na ng'ombe mmoja, na yeye ndiye mtu pekee kikundini aliyetaja idadi bila kuombwa. "Mimi nina mmoja," alikuwa akituambia mikutanoni, "mtanihesabu mpaka wapi?" Alimchukua akiwa ndama dhaifu ambaye mwenye naye alishamkatia tamaa. Akamlea miaka mitatu kwa majani na mashina ya migomba, na sasa alikuwa mtamba, mimba ya kwanza. Nyumbani kwake walikuwa wanakunywa chai ya rangi na kuongea habari za maziwa. Kila mtu Itiryo alijua siku za kuzaa zimekaribia.

Ujumbe wake ulikuwa wa alfajiri. Mtamba ana uchungu tangu usiku, mguu mmoja wa ndama umetoka, wa pili hauonekani. Msaidizi alifanya kila kitu sawasawa: akafungua ombi, akaliweka juu, akamwita bwana mifugo, naye akajibu kwamba anawasha pikipiki. Nikamaliza chai nikiwa na amani.

Saa nne nikahesabu sita.

Nikaangalia kama bwana mifugo ameandika kwamba amemaliza kazi yoyote. Hakuna. Saba ukitoa sifuri ni saba. Nikahesabu mara ya tatu, jambo ambalo hunitokea nikiwa na wasiwasi tu, na aliyepungua alikuwa mama wa Itiryo. Nikampigia bwana mifugo.

"Uko wapi?"

"Naelekea Susuni. Kuna dume kavimba tumbo."

"Na mama wa Itiryo?"

"Yule ameshapona."

"Nani kasema?"

"Orodha. Ilisema limefungwa, hali salama. Nikageuza."

"Uligeuzia wapi?"

"Nilikuwa nimebakiza kilima kimoja."

Nikamwambia asimame hapohapo alipo, nikampigia mama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Habari za Tarime?"

"Nzuri. Za huko?"

"Salama."

"Watoto?"

"Salama tu. Wa kwako hawajambo?"

"Hawajambo. Na hapo nyumbani kwa jumla?"

"Salama, tunamshukuru Mungu. Mvua imenyesha."

"Hata huku imenyesha."

"Ila ng'ombe anakufa."

Nilimwambia bwana mifugo anakuja, nikakata, nikampigia bwana mifugo nikamwambia geuza. Kisha nikabaki na simu mkononi. Nilikuwa nimepiga kwa ajili ya ng'ombe, naujua muda unavyokimbia mguu mmoja ukiwa nje, na hata hivyo nilipitia kwa watoto na kwenye mvua kabla sijafika zizini. Wala sikuona kwamba nachelewa. Ungeniuliza wakati ule ningesema nimekwenda mbio.

Nikafungua ujumbe wa asubuhi, nikausikiliza mara mbili. Saa mbili na nusu msaidizi alikuwa ameuliza, "Mama, hali ikoje sasa?" Mama akajibu kwa sauti: "Salama, baba. Huku salama tu kwa kweli. Habari za hapo, mmeamkaje?" Akanyamaza hapo. Alikuwa ameshika zamu yake ya salamu na sasa anangoja zamu ya upande wa pili, kama mtu yeyote aliyelelewa. Msaidizi hakushika zamu. Alisoma mstari wangu, akaona mfugaji amesema salama, akafunga. Kisha akaandika, "Asante mama, tunafurahi kusikia hivyo. Karibu tena." Simu ikamsomea mama maneno hayo kwa sauti. Akaona amejibiwa, kwa ukavu kidogo, lakini vijana wa siku hizi ndivyo walivyo. Alikwishaambiwa kwamba bwana mifugo yuko njiani. Akakaa zizini akimsubiri.

Bwana mifugo alifika Itiryo saa tano na robo, pikipiki ikiwa tope mpaka kwenye taa. Mguu wa pili ulikuwa umejikunja ndani. Aliunyoosha, akavuta, ndama akatoka amekufa. Aliniandikia maneno machache: ndama amekufa, mama yake anapumua, kondo la nyuma halijatoka, lisipotoka mpaka kesho mchana niitwe.

Kesho yake nilikwenda Itiryo. Nilibeba sukari kilo mbili, nikawa nasikia aibu ya kuibeba tangu njiani, maana sukari si ndama. Mama nilimkuta jikoni anachambua maharage kwenye ungo. Nje, mbele ya mlango, ngozi ya ndama ilikuwa imewambwa chini kwa vigingi, bado mbichi. Nikaipita bila kuiangalia sana. Tukasalimiana kwa urefu wote. Alipomaliza akaweka ungo magotini.

"Nani alimrudisha bwana mifugo?"

"Ni mashine, mama."

"Mashine ina miguu?"

"Haina."

"Ilikuja hapa ikaona ng'ombe amepona?"

"Haikuja."

"Basi nani?"

Miaka yote ya udalali nimekuwa na jibu la tatu na la nne mfukoni. Siku hiyo niliyaacha humohumo.

"Ni mimi, mama. Niliiandikia kwamba mtu akisema salama, shida imekwisha."

Aliniangalia kama anavyoangaliwa ng'ombe anayesemekana ana maziwa.

"Wewe ni Mkurya?"

"Mkurya."

"Umezaliwa hukuhuku?"

"Hukuhuku."

"Na ukaandika hivyo."

"Nikaandika hivyo."

"Mura," akasema, kama kijana anavyoitwa kwetu, ingawa ujana wenyewe nimeshaupita zamani, "mama yako alipofariki nilikuja kwenu. Nilikukuta mlangoni. Nikakuuliza, habari za hapa? Ulinijibu nini?"

Nikaitazama ile ngozi ya nje.

"Nilisema nzuri."

"Ulisema nzuri. Na maiti iko ndani." Akarudi kwenye maharage. "Sasa ulitaka mimi nianze na kilio, kabla sijamjulia mtu hali? Kwa sababu ni mashine? Mimi sijui mashine. Mimi najua nimeulizwa hali."

Twende zizini, nikasema, nimwone. Mtamba alikuwa amelala, kichwa ameinua, macho mazito. Kondo lilikuwa bado linaning'inia nyuma na limeanza kunuka. Hata mtu wa mnadani, ambaye huona ng'ombe kwa dakika tano tu, alijua kwamba akiachwa hivyo siku mbili mama hatakuwa na ng'ombe wa kuhesabiwa. Nikampigia bwana mifugo. Hapatikani. Kule mabondeni mtandao huja na kuondoka, lakini orodha humfikia kila anapopanda mlima. Nikamwambia mama atume ujumbe kwa msaidizi sasa hivi.

"Situmi."

"Mama, ng'ombe—"

"Ng'ombe ninamwona. Nitume wanisalimie, kisha wamrudishe tena kilimani? Andika kwanza. Nisikie ulichoandika. Ndipo nitume."

"Naweza kutuma mimi, kwa maneno mafupi."

"Na kesho kutwa usipokuwa jikoni kwangu?"

Nikakaa kwenye kigoda, nikampigia binti Mwanza, nikamweleza tulipofikia.

"Mjomba, unataka mistari mingapi?"

"Yoyote unayoona."

"Leo hupunguzi?"

"Leo andika tu."

Kabla ya kuanza nilikumbuka jambo la zamani. Niliwahi kupeleka mbuzi Ikoma, karibu na geti la hifadhi, kwenye hoteli moja ya watalii. Nilipelekwa mpaka jikoni kusubiri kulipwa. Ukutani kulikuwa na visu vimepangwa, na chini ya kila kisu kuna karatasi. Nilitegemea karatasi itaje jina la kisu. Haikutaja jina. Moja ilisema: kwa samaki tu, usikate mfupa, kikipinda usikinyooshe, mwambie mkuu wa jiko. Niliwacheka. Nikamwambia mpishi, kwenu mtu mzima anafundishwa kisu? Akaniambia, "Hapa kila mwezi anakuja mpishi mpya, na wote wanajua kupika. Anayejua kupika ndiye anayeharibu kisu." Wakati ule nilidhani anajitetea.

Tukaandika, binti huko kwenye kompyuta, mimi nikisema kutoka jikoni, mama akisikiliza kwa sikio moja na lingine likiwa zizini. Nilianza kama nilivyozoea, kwa kusema zana inatumika lini. Binti akanizuia.

"Anza na inafanya nini, mjomba. Asipojua kufunga kunamfanya nini bwana mifugo, ataona kufunga ni kitu chepesi."

Kweli. Mimi mwenyewe nilipoandika ule mstari wangu, sikumwona mtu yeyote akigeuza pikipiki. Niliona neno tu likiondoka kwenye orodha. Tukafuta, tukaanza upya, na mwisho nikamsomea mama:

*Zana hii inaliondoa ombi kwenye orodha ya bwana mifugo. Ukiitumia, bwana mifugo anageuza na haji. Usiitumie kwa sababu mtu amesema salama, nzuri, hatujambo au tunamshukuru Mungu. Hizo ni salamu, na mtu huzitoa hata akiwa msibani. Mrudishie salamu zake, kisha mngoje. Habari yenyewe huja baada ya salamu, mara nyingi baada ya "ila". Uliza habari za mnyama kwa kumtaja: amesimama? amekula? Funga pale tu bwana mifugo ameandika kwamba amemaliza, na mwenye mnyama naye amekubali ombi lifungwe. Ukiwa na shaka, usifunge, uliza. Ukishafunga, mwambie mwenye mnyama wazi kwamba umefunga na kwamba bwana mifugo haji.*

"Rudia," akasema mama.

Nikarudia.

"Baada ya ila tu? Na anayesema lakini?"

Tukaongeza lakini.

"Na anayenyamaza? Mimi jana nilinyamaza."

Tukaongeza: *Kimya si jibu. Mtu akinyamaza baada ya salamu, huenda anakungoja wewe.*

"Na mwambie aache kusema karibu tena. Mwenye mgonjwa haambiwi karibu tena."

Binti alicheka kule Mwanza, kisha akasema hilo ni la maelezo mengine, yale ya namna ya kuzungumza na watu, atalitia huko. Akaniambia pia kwamba anaweka na kufuli: zana yenyewe ikatae kufunga kama bwana mifugo hajaandika kwamba amemaliza. Nikamuuliza, sasa kama kuna kufuli, haya maelezo yote ya nini? Akasema kufuli litazuia kosa, lakini halitamfundisha kujibu salamu. Nikamuuliza kwa nini hakuliweka tangu mwanzo. Akasema hakulifikiria, nami nikamwacha. Wote wawili tulikuwa na fungu letu kwenye ile ngozi iliyowambwa nje.

Binti alijaribu kwanza mwenyewe, akijifanya mfugaji. Akasema salama mara nne kwa namna nne. Msaidizi hakufunga. Akasema "tunamshukuru Mungu, mvua nzuri". Hakufunga. Jua lilikuwa limeshapita katikati.

"Haya mama," nikasema.

Mama akajifuta mikono, akachukua simu, akaishika mbele ya mdomo kama kipande cha muhindi. Akaanza. Akauliza hali za hapo. Akasema huku salama. Akataja mvua. Mimi nilikuwa naangalia zizi, nikitaka kumwambia afupishe, nikameza maneno. Alipomaliza salamu akakata, bila kumtaja ng'ombe hata kidogo. Hakusahau. Aliniangalia usoni akingoja.

Simu ikalia. Ikasoma: "Marahaba kwa salamu, mama, na shikamoo. Huku pia ni salama, mvua tumeipata. Jana ulituambia kuhusu mtamba wako aliyezaa. Amesimama? Kondo la nyuma limetoka?"

Marahaba na shikamoo kwa pumzi moja. Nikaona haya kwa niaba yake. Mama hakujali.

"Huyu sasa ameanza kulelewa," akasema, na akabonyeza tena. "Ila hajasimama. Na halijatoka. Na linanuka."

Bwana mifugo alifika kabla jua halijakaribia milima. Alikuwa ameona orodha alipopanda. Alimsalimia mama, akajibiwa salama, akavua shati la juu na kuingia zizini bila kusubiri zaidi; yeye si mgeni. Alimhudumia, akamchoma sindano, akasema atarudi kesho na kesho kutwa. Alirudi. Siku ya tatu aliandika kwamba kazi yake imekwisha.

Msaidizi akamuuliza mama kama ombi lifungwe. Mama akasema bado, amesimama lakini hajala. Kesho yake akaulizwa. Bado, amekula majani ya migomba, maji hataki. Bwana mifugo akanipigia, analalamika.

"Hili la mama limeganda juu ya orodha yangu. Kila nikifungua naliona."

"Liache ulione."

Siku ya tano mama alituma ujumbe mrefu. Salamu, mvua, jirani aliyejifungua, maharage ya shambani yaliyoshikwa na ugonjwa wa kutu. Kisha akasema mtamba ameshuka mtoni kwa miguu yake, na asubuhi ile amekamuliwa. Haachii maziwa mpaka awekewe ile ngozi ya ndama mbele yake, imenyunyiziwa chumvi, ailambe. Akiilamba, anaachia. Kimetoka kikombe kimoja. Wamekitia kwenye chai, wakagawana. "Sasa fungeni," akasema.

Msaidizi akamjibu kwamba amefunga, kwamba bwana mifugo haji tena mpaka aitwe, na kwamba ng'ombe akibadilika atume ujumbe saa yoyote.

Jioni ile mama alinipigia mimi. Alisema ndama mwingine akikaribia kuzaliwa niende mwenyewe, nisimwachie mashine peke yake. Nikasema nitakuja. Akaniuliza nitajuaje kwamba siku zimekaribia, nitakuja kwa usafiri gani mvua ikiwa imeharibu njia, na nikiwa naumwa nitamtuma nani. Nilijibu la kwanza nikadhani tumemaliza. Akasema hajasikia la pili. Hakukata simu mpaka nilipoyaeleza yote matatu, na la tatu akanifanya nilirudie.